Pesa zimekatwa, risiti haipo: Jinsi hitilafu ya mfumo wa leseni ilivyotafutwa hadi ikapatikana

Siku nne kabla ya kukamilika kwa muda wa kulipia leseni za biashara mwezi Machi, foleni ilirudi nje ya ofisi ya mapato ya kaunti. Wengi waliopanga foleni hiyo walikuwa wameshalipa kwa simu. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha kwamba pesa zimetoka, lakini leseni haikuonekana kwenye tovuti, na ujumbe wa risiti kutoka kwa kaunti haukuwafikia.

Mmoja wao, mama anayeuza mitumba sokoni, alikuwa amelipa mara mbili. Mara ya kwanza alingoja, akaona kimya, akadhani malipo yamekataa, akarudia. Pesa za mara ya pili zilikuwa za kununulia belo la wiki hiyo. "Kijana wangu," aliniambia, "pesa zimeenda mara mbili na karatasi sina hata moja. Askari akija nimwonyeshe nini?"

Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyeandika taarifa fupi kwa niaba ya kaunti kwamba huduma imekwama kwa sababu ya "tatizo la mtandao". Ndivyo tulivyozoea kusema. Baadaye mafundi wa kitengo cha TEHAMA walipofuatilia, ilibainika kwamba intaneti ilikuwa sawa, kampuni ya malipo ilikuwa sawa, na simu za wananchi zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa letu, na lilitokana na badiliko tulilolifanya wenyewe wikendi iliyotangulia.

Makala haya yanaeleza kilichotokea, jinsi hitilafu ya namna hii inavyotafutwa, na jambo la kufanya iwapo itakukumba. Mwananchi anayejua njia ambayo malipo yake hupitia hawezi kutulizwa kwa maneno mawili tu, "mtandao umepotea", na wala hana sababu ya kulipa mara mbili.

Mfumo "usio na seva" ni nini?

Hapo awali, mfumo wa mapato uliendeshwa na kompyuta kubwa, yaani seva, iliyowekwa katika chumba kimoja makao makuu. Stima ikipotea na jenereta ikikataa kuwaka, huduma ilisimama. Mwezi Machi watu walipofurika, seva ililemewa. Kufikia Julai ilikuwa inanguruma tu bila kazi ya maana, na bado ilihitaji stima, kiyoyozi na fundi wa kuilinda.

Mfumo tunaoutumia sasa uko kwenye huduma za wingu, na ni wa aina inayoitwa "isiyo na seva". Jina hilo linapotosha kidogo. Seva zipo, ila si zetu. Ziko katika vituo vya data vya kampuni za wingu, na sisi tunalipia muda ambao programu yetu inafanya kazi tu. Kampuni ya Amazon ilitangaza huduma yake ya aina hii, Lambda, mwezi Novemba 2014, na kampuni nyingine kubwa za wingu zikafuata. Kwa upande wa Afrika, Microsoft ilifungua vituo vyake nchini Afrika Kusini mwaka wa 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka wa 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka wa 2024.

Fikiria vibarua wanaopakua mizigo sokoni. Lori likifika, wanaitwa. Yakifika malori kumi, wanaitwa wengi zaidi. Kazi ikiisha, kila mmoja hulipwa na kwenda zake. Mwenye duka halipi mshahara wa mtu aliyekaa bure. Mfumo usio na seva hufanya kazi hivyo hivyo. Programu kubwa hugawanywa kuwa vijiprogramu, kila kimoja na kazi yake moja. Ombi la mwananchi likiingia, kijiprogramu huamshwa, hufanya kazi kwa sekunde chache, kisha hulala.

Faida yake kwa kaunti ni wazi: mwezi Machi vijiprogramu vingi huamka kwa pamoja, na mwezi Julai gharama hushuka. Ugumu wake hujitokeza siku ya hitilafu. Hakuna chumba cha kuingia ukaangalia taa ipi imezimika au waya upi umechomoka. Barabara zote za mfumo zimechorwa kwa maandishi ya mipangilio, na mstari mmoja ukikosekana, barabara haipo, ingawa kila kitu kinaonekana kizima.

Safari ya malipo ya leseni

Ili kuelewa kilichoharibika, inafaa kujua kinachotokea baada ya kubonyeza kitufe cha "Lipa".

Kwanza, tovuti hupeleka ombi lako kwenye lango la mfumo wetu katika wingu. Lango ni kama karani wa mapokezi, ambaye hupokea na kuelekeza.

Pili, lango humwamsha kijiprogramu cha kwanza. Hiki huiomba kampuni ya malipo ikutumie kwenye simu ujumbe wa kuweka nambari yako ya siri.

Tatu, unaweka nambari ya siri. Kampuni ya malipo inakata pesa na kukutumia ujumbe wake.

Nne, kampuni hiyo hurudisha jibu kwenye lango letu: fulani amelipa kiasi fulani, na nambari ya muamala ni hii.

Tano, lango humwamsha kijiprogramu cha pili. Kazi yake ni kuuliza kampuni ya malipo kama jibu hilo ni la kweli (maana hata tapeli anaweza kutuma jibu la uongo), kisha kuandika malipo katika hifadhidata ya kaunti, kisha kuiomba kampuni ya ujumbe mfupi ikutumie risiti.

Zingatia kwamba pesa hukatwa katika hatua ya tatu, lakini leseni hutoka katika hatua ya tano. Mtu aliyekatwa pesa na asipate risiti amekwama kati ya hatua hizo mbili. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa uchunguzi wa mafundi, na ulifupisha kazi sana. Kama pesa zimekatwa, basi tovuti, lango na kijiprogramu cha kwanza vimefanya kazi yake. Hakuna haja ya kuvigusa.

Badiliko la wikendi

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayehifadhi habari za watu, zikiwemo ofisi za umma, azilinde ipasavyo. Hifadhidata ya leseni ina majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu na mahali biashara zilipo. Kwa sababu hiyo, wikendi ile mafundi waliihamishia katika mtandao wa ndani wa faragha, sehemu ya wingu iliyozungushiwa ua. Ndani ya ua huo, hakuna mtu wa nje anayeweza kuifikia hifadhidata moja kwa moja kupitia intaneti. Lilikuwa jambo jema na la lazima.

Kijiprogramu cha pili, kwa kuwa kinaandika katika hifadhidata, nacho kiliwekwa ndani ya ua. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kijiprogramu kikiwa nje ya ua huifikia intaneti bila kuhitaji mpangilio wowote wa ziada. Kikiingizwa ndani, kinaiona hifadhidata vizuri lakini kinapoteza njia ya kutoka nje, isipokuwa fundi akichore njia hiyo waziwazi. Njia hiyo haikuwa imechorwa.

Basi jibu la malipo lilipoingia, kijiprogramu kiliamka kama kawaida. Kikataka kuuliza kampuni ya malipo kama jibu ni la kweli. Ombi lake likafika kwenye ua, halikupata mlango, likapotea. Kijiprogramu kikangoja na kungoja, hadi muda wake ulipokwisha na mfumo ukakikata. Kwa kuwa kilipangiwa kuuliza kwanza ndipo kiandike, hakikuandika chochote. Pesa za mama wa mitumba zilikuwa zimefika kwenye akaunti ya kaunti, na hifadhidata ya kaunti haikuwa na habari zake.

Kwa nini majaribio hayakuonyesha kosa hili? Kwa sababu fundi aliyejaribu aliendesha kijiprogramu kwenye kompyuta yake ya mezani, na kompyuta hiyo ina intaneti ya ofisi. Kila kitu kilikwenda sawa. Njia ya kompyuta ya fundi, hata hivyo, si njia ya kijiprogramu kilicho ndani ya ua. Mfumo unapaswa kujaribiwa kutoka mahali utakapofanyia kazi.

Kimya na kukataliwa si kitu kimoja

Fundi anayefuatilia hitilafu ya mtandao huanza kwa kusoma logi, yaani kumbukumbu ambazo kila kijiprogramu huandika kinapofanya kazi. Swali la kwanza huwa hili: ombi lilikataliwa, au halikujibiwa kabisa?

Ukibisha hodi nyumbani kwa mtu, akafungua akakwambia "sikujui, ondoka", umekataliwa. Lakini umejua mambo mawili: barabara ya kufika kwake ipo, na mwenyewe yumo. Tatizo ni utambulisho wako. Ukibisha ukangoja na kusiwe na sauti yoyote, huenda hata hujafika kwenye nyumba yenyewe.

Ndivyo ilivyo katika mfumo. Kukataliwa huja haraka, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, na huambatana na ujumbe: nenosiri si sahihi, ruhusa haipo, anwani haijasajiliwa. Kimya huchukua muda wote uliotengwa. Katika logi zetu, kila malipo yaliyokwama yalionyesha kitu kimoja: kijiprogramu kilifanya kazi kwa sekunde 20 kamili, kisha kikakatwa. Sekunde 20 ndicho kikomo tulichokuwa tumekiweka. Namba inayojirudia bila kubadilika, na inayolingana na kikomo, ni alama kwamba ombi lilikuwa likingoja jibu lisilokuja.

Hapa ndipo wengi hufanya kosa la pili, nasi nusura tulifanye. Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza muda: tuweke sekunde 60, au dakika tano. Huduma ya Lambda inaruhusu hadi dakika 15. Lakini kama hakuna barabara, kungoja zaidi hakuileti. Kungeongeza gharama tu, maana tunalipia muda ambao kijiprogramu kiko macho, hata kama kazi yake ni kungoja.

Fundi mmoja alifanya jaribio rahisi. Aliandika kijiprogramu kidogo kilichowekwa ndani ya ua ule ule na kukipa maswali matatu. Je, unaweza kutafsiri jina la kampuni ya malipo kuwa anwani? Ndiyo. Je, unaweza kuifikia hifadhidata? Ndiyo. Je, unaweza kufikia tovuti yoyote ya nje? Kimya. Kwa majibu hayo, saa kadhaa za kubahatisha zilifikia mwisho. Tatizo halikuwa kampuni ya malipo wala nenosiri. Ua haukuwa na mlango.

Tiba iliyoshindwa na tiba iliyofaa

Jaribio la kwanza la kutibu lilikuwa kukihamisha kijiprogramu kutoka sehemu ya ndani ya ua hadi sehemu yake ya mbele, ambayo imeunganishwa na intaneti. Kwa seva ya kawaida hatua hiyo ingetosha, mradi ipewe anwani ya IP ya umma, yaani nambari inayoitambulisha kwenye intaneti. Vijiprogramu vya Lambda vilivyo ndani ya mtandao wa faragha havipewi anwani hiyo, hata vikiwekwa sehemu ya mbele. Matokeo yakawa yale yale, sekunde 20 na kimya. Mafundi wengi duniani wamejikwaa kwenye jiwe hili.

Tiba yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kuweka lango la NAT katika sehemu ya mbele ya ua. Lango hili lina anwani yake ya umma isiyobadilika. Linapokea maombi kutoka kwa vijiprogramu vya ndani, linayatoa nje kwa jina lake, na kuyarudishia majibu. Aliye nje hawezi kulitumia kuingia ndani bila kualikwa. Pili, kuandika katika jedwali la njia kwamba kila ombi la kwenda nje kutoka sehemu ya ndani lipitie kwenye lango hilo. Kisha kijiprogramu kikarudishwa sehemu ya ndani. Lango hilo hutozwa ada kila saa hata lisipotumika, kwa hiyo ni gharama ambayo bajeti ya mfumo sasa inaitambua.

Mara tu njia ilipofunguka, uthibitisho wa malipo ulianza kupita na leseni zikaanza kuonekana kwenye tovuti. Lakini ujumbe wa risiti bado haukutoka. Safari hii logi zilionyesha kitu kipya: kukataliwa, tena papo hapo. Kampuni ya ujumbe mfupi hupokea maombi kutoka kwa anwani ilizozisajili tu. Anwani ya lango letu jipya haikuwa kwenye orodha yake. Fundi aliposoma ujumbe wa kukataliwa alitabasamu, kwa sababu alijua sasa barabara ipo na mwenye nyumba yumo. Anwani mpya ikasajiliwa, risiti zikaanza kuingia kwenye simu.

Malipo yaliyokuwa yamekwama yalilinganishwa na taarifa ya kampuni ya malipo, muamala baada ya muamala, na leseni zikatolewa. Askari wa kaunti waliagizwa kukubali ujumbe wa malipo kama thibitisho hadi kazi hiyo ikamilike. Waliolipa mara mbili waliorodheshwa ili warudishiwe pesa zao, akiwemo mama wa mitumba.

Hitilafu nyingine zinazofanana na hiyo

Si kila kukwama kunatokana na ua usio na mlango. Kuna sababu nyingine ambazo mafundi huzikagua kwa mpangilio.

Majina. DNS ni daftari la intaneti linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Daftari likikosea, kila kitu kinaonekana kimekufa hali kizima. Tarehe 20 Oktoba 2025, huduma nyingi duniani zilikwama baada ya hitilafu katika mfumo unaopanga majina ya DNS ya hifadhidata ya DynamoDB katika vituo vya Amazon vya Virginia, Marekani. Seva zilikuwepo. Jina lao ndilo lililokosa anwani.

Wingi. Vijiprogramu huongezeka kwa haraka, lakini hifadhidata haiongezeki hivyo. Kwa kawaida, akaunti ya Lambda huruhusiwa hadi vijiprogramu 1,000 vikiwa macho kwa wakati mmoja katika eneo moja. Hifadhidata ya PostgreSQL, isipobadilishwa mipangilio, hupokea miunganisho 100. Kila kijiprogramu kikifungua muunganisho wake, wa 101 hufungiwa mlango. Ndiyo maana mfumo unaweza kwenda vizuri mwaka mzima na kukwama siku ya mwisho ya kulipa. Tiba yake ni kuweka msimamizi wa miunganisho katikati, au kuyapanga maombi kwenye foleni.

Mipangilio iliyosahaulika. Toleo jipya linapowekwa kazini, huhitaji manenosiri, anwani na ruhusa zake. Fundi akisahau moja, programu iliyofanya kazi kwenye majaribio hukwama mara tu inapofunguliwa kwa umma. Hitilafu ya namna hii hujitambulisha kwa urahisi: ilianza dakika ile ile toleo jipya lilipowekwa. Swali la kwanza la fundi mzoefu huwa "Nini kimebadilika, na saa ngapi?"

Cheti cha usalama. Mawasiliano kati yetu na kampuni ya malipo hulindwa kwa cheti chenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita bila kuhuishwa, upande wa pili hukataa kuzungumza nasi.

Intaneti yenyewe. Wakati mwingine taarifa ya "tatizo la mtandao" huwa ya kweli. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya polepole Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Kwa kuwa vituo vya wingu tunavyotumia viko nje ya nchi, tukio kama hilo hutugusa. Lakini lina dalili zake: tovuti nyingi huzorota kwa pamoja, za serikali na za watu binafsi. Huduma moja ya kaunti ikikwama peke yake huku nyingine zote zikienda, sababu itafutwe nyumbani kwanza.

Tulichobadilisha

Badiliko la kwanza lilikuwa la mpangilio wa kazi. Sasa jibu la malipo likiingia huandikwa kwanza kwenye foleni salama, kabla ya jambo jingine lolote. Uthibitisho na risiti hufuata baadaye. Njia ya nje ikifungwa tena, malipo hayatapotea. Yatangoja kwenye foleni, na njia ikifunguka yataendelea.

La pili, kila toleo jipya linajaribiwa ndani ya mtandao ule ule wa faragha litakamofanyia kazi. Halifunguliwi kwa watu wote kwa mpigo mmoja. Sehemu ndogo ya maombi huelekezwa huko kwanza, na logi zikionyesha kasoro, toleo la awali hurudishwa kwa dakika chache. Isitoshe, hakuna toleo jipya litakalowekwa kazini katika wiki mbili za mwisho za kulipia leseni.

La tatu, kila baada ya saa moja mfumo hulinganisha idadi ya malipo yaliyoingia na idadi ya risiti zilizotoka. Zikitofautiana, mafundi hupata tahadhari kwenye simu zao. Mwezi Machi tulijua kuna hitilafu kwa kuona foleni mlangoni. Haikupaswa kuwa hivyo.

La nne linahusu ofisi ninayoitumikia. Taarifa zetu kwa umma sasa zinataja hatua iliyokwama. Kama malipo yanapokelewa ila risiti zinachelewa, tutasema hivyo, na tutawaomba wananchi wasilipe tena. Kama maneno hayo yangekuwa katika taarifa niliyoandika asubuhi ile, huenda mama yule angenunua belo lake.

Ukikwama, fanya hivi

Usilipe mara ya pili. Angalia ujumbe wa M-Pesa kwanza. Ikiwa pesa zimekatwa, malipo yako yana nambari ya muamala na yanaweza kufuatiliwa. Ikiwa hazijakatwa na hukupata ombi la kuweka nambari ya siri, hapo unaweza kujaribu tena baadaye.

Usifute ujumbe huo. Nambari ya muamala, tarehe na saa ndivyo fundi anavyotumia kutafuta ombi lako kati ya maelfu ya mistari ya logi. Kusema "nililipa jana jioni" kunasaidia kidogo. Nambari ya muamala inampeleka fundi moja kwa moja.

Eleza ulichokiona kwenye skrini, neno kwa neno ikiwezekana. "Ilizunguka muda mrefu kisha ikanyamaza" na "ilikataa papo hapo" ni dalili mbili tofauti, na kila moja inaelekeza kwenye sababu tofauti.

Peleka malalamiko katika ofisi ya mapato au kwa msimamizi wa wadi yako, na uombe yaandikwe. Usikubali kuondoka bila kuambiwa malalamiko yako yameandikwa wapi.

Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri. Matapeli hupenda siku za hitilafu. Hupiga simu wakijitambulisha kuwa mafundi wa kaunti wanaorudisha pesa. Kaunti haihitaji nambari yako ya siri ili kupata malipo yako au kukurudishia pesa.

Na ukiambiwa tena kwamba ni "tatizo la mtandao", una haki ya kuuliza: ni hatua gani iliyokwama, malipo yangu yamefika wapi, na lini nitapata risiti? Afisa aliye kwenye dirisha huenda asiwe na jibu papo hapo, lakini anapaswa kuuliza kitengo cha TEHAMA na kukurudishia jibu.